Mgonjwa Aliyezikwa kwa Utani

Sehemu ya Sita

"Wewe ndiye Isihaka wa Namungo? Mkeo si mmemzika juzi?"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wako waliolala vibaya. Mzee mmoja alinishika mkono sokoni Mtama, anataka nimwambie yeye peke yake kama Mwanamvua yu hai. Nikamwambia, mzee wangu, subiri gazeti kama wenzako. Haya, gazeti ndilo hilo. Kaa tuendelee.

Aliyepitwa na habari asitie hofu. Ni mwaka ule wa hamsini, Nachingwea inanguruma kwa matrekta ya mradi wa karanga. Mwanamvua, mke wa Isihaka, mwanamke aliyewashinda wanaume kwa jembe, ameanza kukosa pumzi tangu mvua za kwanza. Mwanzoni alisimama kupumua akipanda kutoka kisimani. Kisha akashindwa kufika kisimani. Sasa miguu imevimba, midomo imekuwa rangi ya zambarau, na akilazwa chali anazama kama aliyetumbukia mtoni. Amepewa dawa ya kichomi, amechanjwa, amenyweshwa chupa ya kikohozi, na hakuna aliyejua ni ugonjwa gani. Ndipo zikaja habari kwamba hospitali ya Nachingwea imepata mgeni, daktari wa mioyo na mapafu, ambaye watu walikwisha kumbatiza jina la Bwana Moyo. Lori litatumwa Ruangwa kumchukua mgonjwa.

Asubuhi ile Isihaka alifika Ruangwa na machela, mgonjwa ameketi juu yake, mama mkwe, Bi Biasha, akimwegemeza. Mara lori likatokea limejaa mabomba ya maji, halina dalili ya kusimama. Isihaka akajitupa katikati ya barabara. Dereva Augustino, mtu wa Kenya aliyeletwa na kazi za karanga, akatoa kichwa dirishani na kusema neno lile.

Isihaka alidhani masikio yamemdanganya.

"Umesema nini?"

"Nasema pole kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mkeo."

Isihaka akageuka, akanyoosha mkono kwenye machela. Mwanamvua alikuwa akimtazama dereva kwa macho makubwa, mabega yakipanda na kushuka kwa kutafuta hewa.

Augustino akafungua mlango, akashuka polepole, akavua kofia.

"Mungu wangu," akasema. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Juzi nilitumwa nije nimchukue. Nikafika hapa Ruangwa, nikauliza mgonjwa wa Isihaka yuko wapi. Nikajibiwa amekwisha kufa, wamemzika. Nikarudi Nachingwea nikawaambia."

"Nani alikujibu?"

"Yule pale."

Kidole cha dereva kilielekea ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha makuti. Pale alichuchumaa Agapiti, fundi baiskeli, Mngoni aliyekuja kung'oa visiki vya mradi akakinai, akageukia spoku na mipira. Alikuwa ameinamia gurudumu na kupiga mluzi.

Isihaka alivuka barabara. Agapiti akainua kichwa, akamwona, uso ukachangamka kama kawaida yake.

"Mmwera, karibu. Umekuja kuazima jembe la kuchimbia kaburi?"

Kisha akamwona vizuri. Mluzi ukamkatikia mdomoni.

"Juzi alikuja dereva akimuulizia mke wangu," Isihaka akasema. "Ulimwambia nini?"

"Dereva yupi? Ah, yule. Nilimwambia umechelewa, yule Mmwera tumeshamzika, ni mimi niliyekalia kichwa chake kaburini, na wali wake nimekula. Akanipa pole, nikamwambia pole haishibishi, niletee ubani." Agapiti akacheka kidogo, kicheko kikafa. "Kwani hakufika Namungo?"

"Hakufika. Aligeuza hapa hapa. Amekwenda kumwambia daktari kuwa mke wangu ni maiti."

Agapiti alisimama. Gurudumu likaanguka, likaviringika mpaka barabarani, hakuna aliyelifuata.

"Mimi nilikuwa natania," akasema.

Ndugu msomaji wa mbali, wewe ambaye huko kwenu hamna jambo hili, nikueleze maana ndilo lililotufikisha hapa. Wangoni na Wamwera ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Mtani akikukuta na ndoo kichwani anaweza kuimwaga, na wewe ucheke. Mtu wako akifa, mtani anaruka kaburini analala humo, hatoki mpaka apewe chochote. Na mtu wako akiugua, mtani anatangaza kuwa amekufa zamani, kusudi kifo kikipita kisikie kazi imekwisha, kiende mlango mwingine. Kila mtu wa Ruangwa analijua hilo tangu ziwa la mama. Augustino hakulijua.

"Kwetu," dereva akasema nyuma yao, sauti imekauka, "mtu akisema fulani amekufa, basi amekufa."

Mkono wa Isihaka ulikwisha kuokota spana. Aliinua. Agapiti hakukimbia wala hakujikinga. Alisimama tu na mikono yake ya grisi akingoja.

"Mkwe wangu." Ilikuwa sauti ya Bi Biasha kutoka ng'ambo. "Mtani hapigwi."

Kweli, mtani hapigwi. Hata kumnunia huruhusiwi. Mtu amekuharibia maisha na mila inakudai ucheke. Isihaka alisimama na spana hewani, machozi yakimtoka, kisha akaiweka chini taratibu mahali alipoiokota.

"Bwana Moyo bado yupo?" akamuuliza dereva.

"Anaondoka leo. Ndege yake inaruka baada ya chakula cha mchana."

Isihaka akatazama jua. Lilikuwa limeshapanda juu ya miembe ya soko.

"Tupakie."

"Nimejaza mabomba, ndugu yangu."

"Mwekeni mbele. Yeye halali, anakaa."

Wakamwingiza mbele pamoja na mama yake. Isihaka akapanda nyuma juu ya mabomba. Alipokuwa akitafuta pa kushika, aliona mtu mwingine anapanda upande wa pili, hana kofia, hana viatu, kibanda kakiacha wazi.

"Unakwenda wapi?"

"Nilimzika mimi," Agapiti akasema. "Nitamfukua mimi."

Lori likaondoka.

Barabara ile ya Nachingwea wenyeji mnaijua. Wakati ule ilikuwa mbaya mara mbili, maana malori ya mradi yalikuwa yameichimba kama nguruwe. Kila shimo, Isihaka alisikia kikohozi cha mkewe kupitia dirisha dogo la nyuma. Kila kikohozi, Agapiti aliyafumba macho yake.

Walipofika penye mlima, lori lilichemka. Augustino akasimama, akachukua debe, akashuka bondeni kutafuta maji. Isihaka akaruka chini, akaenda dirishani kwa mkewe.

"Mama Sofia. Vipi?"

Kila neno Mwanamvua alilinunua kwa pumzi.

"Huyu dereva," akasema, "ananiangalia. Kama ameona jini."

"Ni mgeni tu."

"Baba Sofia. Nimesikia yote." Akavuta hewa. "Nimezikwa. Mbona hamkunipikia hata pilau?"

Bi Biasha alikuwa akimfuta binti yake midomo kwa ncha ya kanga. Alipoikunja kanga haraka, Isihaka aliona povu, na povu lile lilikuwa na wekundu.

"Jambo jingine," Bi Biasha akasema kwa sauti ya chini, macho kayaelekeza kando kama inavyompasa mama mkwe. "Dereva anasema juzi wakati wa kurudi aliwapa lifti watu wa Chunyu. Akawaeleza habari ya msiba. Walilia njia nzima."

"Chunyu?"

"Kwa kaka yangu Halfani. Sasa hivi mjomba wake yuko matangani. Anamlilia mtu aliye hai."

Nyuma yao Agapiti alikuwa ameketi kwenye ukingo wa lori, kichwa kati ya magoti. Augustino alirudi na maji, nusu ya debe imemwagikia suruali, akamwaga yaliyobaki, wakaenda.

Walifika Nachingwea watu wanatoka kula. Langoni mwa hospitali askari aliinua mkono.

"Mna nani?"

"Mgonjwa wa moyo kutoka Ruangwa," Isihaka akasema. "Tuliitwa."

"Mgonjwa wa Ruangwa amekufa."

"Hajafa. Huyu hapa."

Askari akachungulia, akamwona Mwanamvua, akarudi kusimama kama alivyokuwa.

"Mimi nimeambiwa amekufa."

"Basi huyu ni nani?"

"Sijui. Lakini wa Ruangwa amekufa."

Niseme ukweli, nikifika hapa katika hadithi hii mimi mwenyewe hukasirika, na nimeisimulia mara nyingi. Mtu anapumua mbele yako, wewe unashika ulichoambiwa. Lakini askari naye ana mkubwa wake, na mkubwa wake aliambiwa, na aliyemwambia alimwamini dereva, na dereva alimwamini fundi baiskeli. Utamshika nani?

Aliyewaokoa ni Abdulatifu, dresa wa hospitali mwenye kufunga vidonda, kijana wa Kiyao ambaye ndiye aliyepeleka habari za Mwanamvua kwa Bwana Moyo tangu mwanzo. Alisikia kelele, akatoka na koti lake jeupe, akamtazama Isihaka, akatazama ndani ya lori. Akashika kichwa.

"Mimi mwenyewe nilimwambia daktari," akasema. "Jana. Nilimwambia yule mwanamke hatutamwona tena."

"Yuko wapi?"

"Uwanja wa ndege. Ameondoka sasa hivi."

Akarukia ngazi ya lori bila kuvua koti. Augustino akageuza, bomba moja likadondoka nyuma na kugongana na nguzo ya lango, hawakulisubiri.

Uwanja ulikuwa wazi na jua lilichoma. Ndege ilikuwa ndogo, ya watu wachache, imesimama mwisho wa uwanja, na kabla lori halijasimama, panga moja lilianza kuzunguka. Kisha la pili. Mlango ulikwisha kufungwa.

Abdulatifu alikimbia akipunga mikono. Isihaka alikimbia. Wazungu wawili waliokuwa wamesindikiza walisimama mbele yao, wakawazuia kwa nguvu, wakisema maneno ambayo upepo wa mapanga uliyapeleka porini. Abdulatifu alipiga kelele kwa Kiingereza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hawakumsikia. Ndege ikaanza kutambaa.

Nani sasa aliyewapita wote?

Agapiti. Hakukimbilia mlangoni, hakupunga mkono. Alizunguka nyuma ya Wazungu wale, akaenda moja kwa moja mbele ya gurudumu, akalala chali kwenye vumbi, mikono kifuani, miguu pamoja. Alilala kama mtani anavyolala kaburini.

Nachingwea nzima ingeliona jambo lile ingelitambua. Rubani hakulitambua, lakini alisimamisha ndege, maana hakuna rubani anayependa kukanyaga mtu.

Mapanga yakapunguza kasi. Mlango ukafunguka, akatoka mtu mfupi mwenye miwani, uso mwekundu kwa hasira, akauliza huyu mwendawazimu anataka nini.

"Hatoki hapo mpaka alipwe," Abdulatifu akamweleza, akihema.

"Alipwe nini?"

Abdulatifu akamgeukia Agapiti. "Daktari anauliza unataka kulipwa nini."

Agapiti alijibu bila kufumbua macho.

"Masikio yake. Ayaweke kwenye kifua cha yule Mmwera."

Nisiwachoshe. Abdulatifu alieleza yote, kwa haraka, kwa kuchanganya, na Bwana Moyo alisikiliza akipangusa miwani. Habari ya utani nadhani hakuielewa hata chembe. Aliloelewa ni kwamba mgonjwa hakufa. Akachukua mkoba wake, akatembea mpaka kwenye lori, akapanda, akaweka mipira masikioni.

Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Akabonyeza miguu, kidole kikaacha shimo. Akatazama mishipa ya shingo. Kisha akasikiliza tena mahali pale pale, chini ya titi la kushoto, muda mrefu, kafumba macho.

Isihaka alisimama chini akishikilia mlango. Kwa wiki na wiki alikuwa akingoja mtu mmoja tu duniani ambaye angesikiliza na kujua. Sasa mtu huyo amesikiliza, na Isihaka akajikuta hataki aseme.

"Anauliza," Abdulatifu akasema, "alipokuwa mdogo aliwahi kupata homa, na viungo kuvimba?"

"Hapana," Isihaka akasema.

"Ndiyo," Bi Biasha akasema.

Wote wakamtazama.

"Alipokuwa mwali. Yuko ndani, hajatolewa. Magoti yalivimba, na homa. Tukasema ni kwa kukaa sana kwenye mkeka." Bi Biasha akashika kanga yake kwa mikono miwili. "Kila mwali analalamika magoti, bwana. Tukamwambia avumilie. Akavumilia, yakaisha."

Abdulatifu akatafsiri. Bwana Moyo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta, akaanza kueleza, na dresa akafuata nyuma yake neno kwa neno.

"Anasema hayakuisha. Yalihamia moyoni. Moyo una milango, na mlango mmoja wa mkeo umekakamaa tangu wakati ule. Kila mwaka umezidi kubana. Sasa damu haipiti sawasawa, inarudi mapafuni, mapafu yanajaa maji. Ndiyo maana akilala anazama."

"Dawa yake?"

"Sindano ya kutoa maji anayo, atampiga sasa. Hiyo ni ya kumpa nafasi tu. Mlango wenyewe hauna dawa. Anasema huko Ulaya wako waganga walioanza kuingiza kidole ndani ya moyo na kuufungua. Ameona kwa macho yake. Hapa Tanganyika hakuna."

Isihaka alirudia kwa sauti ndogo. "Kidole ndani ya moyo."

"Anasema anaweza kumchukua mpaka Dar es Salaam, ambako atamweka kitandani na kumwandikia wenzake. Nafasi moja ipo, wakishusha mizigo. Lakini lazima iwe sasa, mawingu yanapanda upande wa pwani."

"Atafika?"

Abdulatifu aliuliza. Bwana Moyo hakumtazama Isihaka wakati wa kujibu, alikuwa akivunja chupa ya sindano.

"Anasema juzi angesema ndiyo. Juzi angepata siku mbili za kumkausha maji kabla ya kumpandisha angani. Leo hajui. Huko juu hewa ni haba. Akibaki hapa atakufa, hilo ana hakika nalo. Akienda, huenda."

Agapiti alikuwa amesimama nyuma yao, vumbi la uwanja limempaka mgongo mzima. Alisikia juzi ile ikitajwa mara mbili. Akatazama vidole vyake.

"Mwambie ampeleke," Isihaka akasema.

"Hapana," Bi Biasha akasema.

Wasomaji wangu wa kike najua mtamshangaa. Msimshangae. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mume anaoa, hamiliki. Mtu kumpeleka mwanawe wa ukoo akatiwe kidole moyoni bila kaka yake kusema ndiyo, huyo atarudi kwa uso gani?

"Siyo kwamba sitaki," Bi Biasha akasema, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Lakini sina ruhusa. Mwenye ruhusa ni Halfani. Halfani yuko Chunyu."

"Mama, Chunyu ni mbali. Mpaka afike..."

"Najua."

"Mama, atakufa."

"Najua, mkwe wangu. Unadhani sijui?"

Rubani alikuwa akitazama upande wa pwani. Bwana Moyo alikuwa amechomoa sindano na kusimama, akingoja atafsiriwe. Abdulatifu hakutafsiri. Hakuna aliyekuwa na la kufanya. Mume hana kauli, mama hana ruhusa, daktari hana muda, na mjomba ameketi kwenye mkeka wa matanga na kupokea pole.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya lori.

"Mama."

Mwanamvua alikuwa ameegemea kiti, jasho limemtiririka mpaka shingoni.

"Mjomba amekwisha kunililia," akasema. Akavuta pumzi. "Amenimaliza. Maiti," akavuta nyingine, "haombi ruhusa."

Bi Biasha akamtazama binti yake. Halafu akafungua kanga yake ya pili, ile ya mabegani, akamfunika nayo, akaikaza vizuri kifuani kama anayemfunga mtoto mgongoni.

"Nenda," akasema.

Walimbeba kwenye kiti cha mbao, Isihaka upande huu, Agapiti upande ule. Mnajua mila; mtani ndiye hubeba. Walipofika mlangoni pa ndege Mwanamvua alimgeukia Agapiti.

"Mngoni. Usile mihogo yangu."

"Nitaila yote," Agapiti akasema. Ilimtoka kwa shida.

"Baba Sofia." Akamshika Isihaka kidole, hakuwa na nguvu ya kushika mkono. "Sofia asilale bila kuoga."

Isihaka aliahidi. Alitaka kusema jambo jingine, jambo kubwa, la mume kwa mke, lakini miaka yote ya ndoa hawakuwa wamezoea maneno ya namna hiyo na sasa halikupatikana. Mlango ukafungwa.

Masanduku ya daktari yalibaki vumbini. Ndege ikatambaa, ikakimbia, ikainuka juu ya mashamba ya karanga, ikawa ndogo kama nukta. Augustino alivua kofia tena, akakumbuka, akaivaa haraka.

Hakuna aliyeondoka. Walisimama pale wote, Isihaka, Bi Biasha, dresa, dereva na fundi baiskeli, wamekaza macho upande wa pwani, ambako mawingu yalikuwa yamerundikana meusi.

Abdulatifu ndiye aliyeona kwanza. Akanyoosha kidole juu.

Ile nukta haikuwa ikipungua tena. Ilikuwa imepinda. Ikapinda zaidi, jua likaangaza bawa lake, na mlio ambao ulikuwa umekwisha kupotea ukaanza kusikika upya, ukiongezeka.

"Wanarudi," Augustino akasema.

"Kwa sababu ya mawingu," Abdulatifu akasema. "Bila shaka ni mawingu."

"Wamekwenda mbali kiasi hicho ndipo wayaone?"

Bi Biasha alikuwa ameketi chini. Isihaka aliitazama ndege ikija, hana pa kukimbilia, hana wa kumzuia, hana lango la kubishana na askari. Akamgeukia Agapiti, akamkamata shati kifuani kwa mikono miwili, si kwa kumpiga.

"Sema amekufa."

"Mtani..."

"Juzi ulisema, na hakufa. Kifo kilisikia kikapita. Sema tena. Sema tumemzika, umekalia kichwa, wali umekula. Sema, mtani wangu, bado haijatua."

Agapiti alifungua mdomo. Mtu aliyewatania wafu na maharusi, aliyemtania hata mkuu wa polisi wa Ruangwa akasalimika, alisimama mdomo wazi na ndege ikishuka juu ya vichwa vyao, akalitafuta neno, na neno halikuja.